Mwongozo kamili wa kuipata M32, galaksi iliyobanana ambayo wengi wanaiona wakidhani ni nyota

Kila msimu wa Andromeda swali linarudi lile lile. Mtu kaipata Andromeda, ile galaksi kubwa jirani, vizuri, kahangaika na darubini saa nzima, afu anasema M32 haipo. Ipo. Tena mara nyingi ilikuwa ndani ya lenzi yake muda wote, yeye akaipita akijua ni nyota tu kama zile zingine.

M32 ni galaksi duaradufu, ya lile kundi dogo la galaksi zilizobanana, yaani nyota zimesongamana katikati kiasi kwamba mwanga karibu wote umerundikana kwenye kidoa kimoja. Iko kama miakanuru milioni 2.5 kutoka hapa (mwakanuru ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka), ubavuni mwa Andromeda yenyewe (M31), na upana wake ni kama miakanuru 6,500 tu. Shika hilo neno kubanana, mana hatua zote hapa chini zinalitegemea: inaonekana kirahisi kwa sababu imebanana, na inakosekana kwa sababu hiyo hiyo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Darubini. Lenzi au kioo chenye kipenyo cha milimita 70 kinatosha. Cha 114 au 130 ni kizuri zaidi na cha 200 ni raha. Darubini ya mkononi ya macho mawili, ile 10x50, inaionyesha pia lakini lazima iwe kwenye traipodi, na hata hivyo utaona nukta nene tu.

Lenzi za jicho mbili. Moja ya ukuzaji mdogo (milimita 25 au karibu na hapo), nyingine ya ukuzaji mkubwa (milimita 10 kushuka). Ya kwanza ni ya kutafuta, ya pili ya kuthibitisha. Wengi wanaokwama wanayo moja tu wanaing'ang'ania.

Ramani ya anga. Programu ya Stellarium ni ya bure na inatosha kabisa. Ukitumia simu punguza mwanga mpaka mwisho na weka hali ya usiku yenye rangi nyekundu.

Tochi nyekundu. Tochi ya kawaida iliyofungwa plastiki nyekundu ni sawa.

Kiti, karatasi na penseli. Kiti sio anasa. Ukiwa umesimama umeinama shingo inauma, jicho linacheza mbele ya lenzi, na kitu hafifu kinapotea kila ukipumua.

Usichohitaji: vichujio. Watu wanavinunua wakidhani vitaondoa mwanga wa mji. Vichujio vya nebula vinasaidia kwenye mawingu ya gesi yanayotoa mwanga wa rangi chache maalum, lakini mwanga wa galaksi ni mwanga wa nyota, una rangi zote, kwa hiyo ukiweka kichujio unakata kitu chenyewe unachokitafuta.

## Hatua ya 1: Chagua usiku na saa

Unataka usiku usio na mwezi. Siku tano kabla ya mwezi mwandamo mpaka siku tano baada yake ndo dirisha lako. Mwezi mkubwa haufuti M32 moja kwa moja, unafuta ule ukungu unaoizunguka, na bila ukungu huwezi kuitofautisha na nyota.

Saa nzuri ni pale Andromeda inapokuwa juu kabisa kwa siku hiyo. Mwanzoni mwa Oktoba ni karibu saa sita usiku, mwanzoni mwa Novemba karibu saa nne, mwanzoni mwa Desemba karibu saa mbili. Kila mwezi unaopita inawahi kwa masaa mawili.

Urefu wake angani unategemea latitudo yako. Ukiwa kwenye ikweta inafika nyuzi 49 hivi juu ya upeo wa kaskazini. Ukiwa nyuzi 10 kusini inafika 39. Ukiwa nyuzi 35 kusini inaishia 14 tu, hapo itabidi upate upeo wa kaskazini ulio wazi kabisa na usisubiri, mana dirisha ni fupi. Kuanzia nyuzi 49 kusini na kuendelea haichomozi.

Tahadhari: usianze ikiwa chini ya nyuzi 20 kama una nafasi ya kusubiri. Chini kule unaangalia kupitia hewa nene na vumbi, kila nyota inaonekana na ukungu, na hapo ndo utashindwa kujua ipi ni ipi.

## Hatua ya 2: Linganisha fainda, tena mchana

Hii ndo sababu namba moja ya watu kukosa hata Andromeda yenyewe. Fainda, ile darubini ndogo ya kutafutia iliyofungwa juu ya kubwa, inaonyesha huku, darubini inaonyesha kule.

Mchana, elekeza darubini kwenye kitu kilicho mbali na kisichotembea, mfano ncha ya mnara wa simu ulio kilomita moja au zaidi. Iweke katikati ya lenzi ya milimita 25, kaza kila kitu, afu zungusha skrubu za fainda mpaka ile ncha ikae kwenye msalaba. Rudia na lenzi ya milimita 10. Usiku malizia kwa nyota yoyote kali.

Tahadhari kubwa: ukifanya hivi mchana simama upande ambao jua halimo kabisa na usisogeze darubini kuelekea jua hata kwa bahati mbaya. Sekunde moja inatosha kuharibu jicho moja kwa moja. Funika fainda kama huitumii.

Umefaulu: ukiweka nyota kwenye msalaba wa fainda, ukichungulia kwenye lenzi ya milimita 10 nyota imo.

## Hatua ya 3: Macho yazoee giza, darubini izoee hewa

Toa darubini nje nusu saa mpaka saa moja kabla. Kioo kikiwa na joto la ndani hewa inacheza juu yake na picha inachemka, nyota zinavimba, na kumbuka kazi yetu yote ni kutofautisha nyota kali na kitu kilichovimba chenyewe.

Macho nayo dakika 30 za giza kamili. Ukiangalia simu nyeupe sekunde mbili tu unaanza upya, na hili watu hawaliamini mpaka walijaribu.

## Hatua ya 4: Ruka nyota kwa nyota mpaka Andromeda

Anza na Mraba Mkubwa wa Farasi, yaani Pegasus: nyota nne zilizoacha katikati peupe, hazikosekani. Kona ya kaskazini mashariki ni Alpheratz. Kutoka hapo fuata mstari wa kundinyota la Mara, ambalo kwenye programu limeandikwa Andromeda, kuelekea kaskazini mashariki. Nusu njia kuna nyota ya wastani (Delta), mbele zaidi unakuta Mirach, kali karibu sawa na Alpheratz.

Ukifika Mirach pinda kuelekea kaskazini magharibi. Nyuzi 4 mbele kuna nyota ya Mu. Nyuzi 3 zaidi kuna Nu, hafifu kidogo. Kutoka Nu sogea magharibi nyuzi moja na robo hivi na umefika M31.

Kwa walio karibu na ikweta au kusini yake mnaotazama kaskazini: mashariki iko mkono wa kulia na kaskazini iko chini. Kwa hiyo kutoka Alpheratz unashuka kulia mpaka Mirach, afu unapinda kushoto ukiendelea kushuka, Mu, Nu, na mwisho hatua fupi kushoto. Ukisoma maelezo yanayosema "panda juu kutoka Mirach" ujue yameandikwa kwa mtu wa kaskazini ya mbali.

Fainda nyingi zinaonyesha nyuzi 5 au zaidi kwa mkupuo, kwa hiyo Mirach na Mu zinaingia pamoja, na Mu na Nu zinaingia pamoja. Usiruke mpaka uzione zote mbili ndani ya fainda.

Umefaulu: kwenye fainda unaona kidoa kirefu kama moshi kisicho na kingo. Kwenye lenzi ya milimita 25 ni ukungu mrefu wenye katikati angavu. Hakuna mikono ya kuzunguka, hakuna rangi. Zile picha zimekusanya mwanga kwa masaa, jicho linakusanya kwa sehemu ndogo ya sekunde.

## Hatua ya 5: Jua kusini iko wapi ndani ya lenzi yako

Hapa ndo watu wanapotelea, kwa hiyo tulia nayo.

M32 iko kusini ya katikati ya M31, karibu kusini kamili, umbali wa dakika 24 za tao (nyuzi moja ina dakika 60). Hiyo ni pungufu kidogo ya upana wa mwezi mpevu. Ramani karibu zote zimechorwa kaskazini ikiwa juu, kwa hiyo M32 inachorwa *chini* ya M31. Mtu anaangalia ramani, anaenda kutafuta chini.

Sasa fikiria angani. Kama uko kusini ya latitudo ya nyuzi 41 kaskazini, Andromeda ikiwa juu kabisa iko upande wako wa kaskazini. Kusini yake ni kuelekea utosini mwako. Maana yake kwa macho, au kwa darubini ya macho mawili, M32 iko juu ya M31, kinyume cha ramani. Darubini ya kioo ya Newton inageuza picha juu chini na kushoto kulia, darubini ya lenzi yenye kioo cha pembeni inaacha juu na chini kama zilivyo ila inabadilisha kushoto na kulia. Ukijaribu kuyapiga haya yote kichwani usiku wa manane utachanganyikiwa, mimi nlichanganyikiwa usiku tatu mfululizo.

Achana na mahesabu, muulize mwenyewe huyo darubini:

1. Weka katikati ya M31 katikati ya lenzi ya ukuzaji mdogo.
2. Kama una mota ya kufuatisha nyota izime. Usiguse kitu. Nyota zitaanza kuteleza. Upande zinakopotelea nje ya uwanja ni magharibi.
3. Sasa sukuma mdomo wa darubini kidogo sana kuelekea kaskazini, yaani kuelekea kwenye ncha ya anga ya kaskazini (kwa walio kusini ya ikweta ni kuelekea upeo wa kaskazini). Vitu vipya vinaingia kutoka upande mmoja. Huo ni kaskazini. Upande wa pili, ambako vitu vinatoka, ni kusini.
4. Rudisha M31 katikati, na angalia ule upande wa kusini.

Je itaingia kwenye uwanja wa kuona? Gawanya urefu wa fokasi wa darubini kwa wa lenzi ya jicho: 1000 kwa 25 ni mara 40. Lenzi ya jicho ya kawaida, aina ya Plössl, ina uwanja wa nyuzi 52 hivi, gawanya kwa 40 unapata nyuzi 1.3. M32 iko nyuzi 0.4 kutoka katikati, na katikati mpaka ukingo una 0.65. Imo, tena na nafasi. Ukiwa na mara 100 uwanja wote ni nusu nyuzi, yaani ukingo uko nyuzi 0.26 tu, na M32 iko nje. Ndo maana mtu aliyeanza na ukuzaji mkubwa haipati, anaangalia tumbo la Andromeda peke yake.

Umefaulu: upande wa kusini unaona "nyota" moja ambayo haijatulia vizuri, ina unene. Huyo ni mtuhumiwa wako. Usishangilie bado.

## Hatua ya 6: Mthibitishe mtuhumiwa

Uangavu wake wa jumla ni kama 8.1 (namba ikiwa kubwa kitu ni hafifu zaidi), kwa hiyo chagua nyota jirani inayolingana nayo kwa macho. Ukilinganisha na nyota kali sana jaribio halifai, nyota kali huvimba yenyewe.

*Jaribio la fokasi.* Zungusha kitasa cha fokasi taratibu mpaka kila kitu kivimbe, afu rudisha polepole. Iangalie ile nyota jirani: inavimba kuwa kisahani, inarudi, inasinyaa, inasinyaa, inakuwa nukta kali kama ncha ya sindano. Sasa rudia ukiangalia mtuhumiwa. Naye anasinyaa, unangoja ile ncha ya sindano, na haiji. Katikati inang'aa karibu kama nyota lakini pembeni kunabaki ukungu wa duara unaofifia polepole kuelekea nje, na uzungushe kitasa unavyotaka hauondoki. Huo ukungu ni nyota mamilioni kwa mamilioni.

*Jaribio la jicho la pembeni.* Angalia kando kidogo ya kitu badala ya kukikodolea. Katikati ya jicho kuna chembe za kuona rangi ambazo gizani ni dhaifu, pembeni kuna zile za giza. Ukifanya hivyo nyota itabaki ilivyo, M32 itanenepa. Ukiikodolea tena inakonda.

Tahadhari: kama nyota *zote* zina ukungu, hiyo sio galaksi, ni umande kwenye lenzi au pumzi yako. Usipanguse kwa shati. Funika, subiri, au tumia hewa vuguvugu taratibu.

## Hatua ya 7: Sasa ongeza ukuzaji

Weka M32 yenyewe katikati kwanza, *ndipo* ubadilishe lenzi kuwa ya milimita 10. Mara 100, hata 150 kama hewa imetulia.

Watu wanaogopa hapa kwa sababu wamefundishwa galaksi hazipendi ukuzaji mkubwa. Ni kweli kwa nyingi. Jaribu M110, jirani mwingine wa Andromeda aliye upande wa kaskazini magharibi: kwenye orodha uangavu wake haupishani sana na wa M32, lakini kwa macho ni kivuli cha moshi kinachopotea ukiongeza tu ukuzaji. Chukua tochi, ilenge ukutani kwa karibu, unapata kidoa kikali. Rudi nyuma hatua kumi, mwanga ni ule ule ila umetapanyika. M110 ni ile ya hatua kumi, M32 ni ile ya karibu. Orodha zinakupa jumla ya mwanga, hazikwambii umerundikana vipi, na hapo ndo wengi wanadanganyika wakichagua cha kutafuta.

Umefaulu: nyota jirani zimebaki nukta, M32 imekua. Ina kiini kikali na ukungu wa duara uliovutika kidogo sana. Hutaona mikono wala mistari ya vumbi na usiitafute, M32 haina.

Ukiwa hapo kaa nayo dakika kumi. Kwenye kile kiini kuna shimo jeusi lenye uzito wa Jua letu mara milioni kadhaa. Na mwaka 2018 Richard D'Souza na Eric Bell wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa hoja kwamba M32 ni kiini kilichobaki cha galaksi kubwa iliyomezwa na Andromeda kama miaka bilioni 2 iliyopita, nyama yote ikaliwa ukabaki moyo. Sio wataalamu wote wanakubaliana, lakini mimi kila nikiona ile nukta nene inayokataa kusinyaa nawaza hilo.

## Hatua ya 8: Ichore

Duara moja kwenye karatasi, nyota tatu nne kali, M31, M32, alama ya kusini na magharibi, tarehe na saa. Uzuri wa mchoro hauna maana hapa. Kesho yake ulinganishe na Stellarium ukiwa umetulia, na kama ulikosea utajua ulikosea *wapi*. Bila mchoro unabaki na "nilidhani niliona".

## Ukikwama

Unaona M31 lakini mtuhumiwa hayupo: rudi hatua ya 5, asilimia kubwa ni mwelekeo.

Unaona mtuhumiwa ila hana ukungu: mwezi, taa za karibu, au macho hayajazoea. Jifunike kichwa na kitambaa cheusi, kinasaidia kuliko unavyofikiri.

Huoni Mu wala Nu kwa macho: anga lako lina mwanga mwingi, tumia fainda kutoka Mirach. M32 bado inawezekana mjini kwa darubini ya kawaida, tena kiini chake kinavumilia taa kuliko ukungu wa nje wa Andromeda.

## Ukitaka ya mbali zaidi

Mwenye kioo cha milimita 250 na giza la kweli ajaribu NGC 4486B, jioni za Aprili na Mei kwenye kundinyota la Mashuke, yaani Virgo. Nayo ni duaradufu iliyobanana lakini iko zaidi ya miakanuru milioni 50, ambako hata M32 ingefifia zaidi ya mara 400. Tafuta galaksi kubwa ya M87 kwanza, afu sogea dakika 7 za tao kaskazini magharibi. Uangavu ni kama 13, ukuzaji anza na mara 150, na majaribio ni yale yale mawili ya hatua ya 6, ila lile la jicho la pembeni ndo litakalofanya kazi kubwa.